Mti Mkubwa Ukianguka Uani

Mvua za Aprili na Mei, na tena zile za Julai na Agosti, zinapolowesha udongo wa Kitale na Bungoma, si ajabu mtu kuamka asubuhi na kukuta mkaratusi umelala kati ya jiko na zizi la ng'ombe. Miti hii ililetwa Kenya mwaka 1902 ili ipatikane kuni ya gari la moshi, na katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia ilipandwa safu kwa safu ili kukinga upepo. Mashamba yalipogawanywa kuwa viwanja, safu nyingi zilikatwa, ukabaki mti mmoja hapa na mmoja pale. Mti uliokua ukikingwa na wenzake haukuzoea kupigana na upepo peke yake, na iwapo mwenye nyumba amechimba msingi au choo karibu nao, ni kana kwamba ameukata mguu.

Yafaa ijulikane kwamba mti ulioanguka haujatulia. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta shoka, tazama nyaya za umeme. Ikiwa mti umegusa waya, watu wote wakae mbali, hatua kumi na tano au zaidi, wala wasishike ua wa senyenge wala kamba ya nguo iliyoguswa na matawi, maana umeme hupita humo. Kenya Power hupokea habari hizi kwa simu nambari 97771. Hata waya ulioanguka chini bila kutoa cheche uhesabiwe kuwa na umeme mpaka mafundi wao waseme vingine.

Mahali penye hatari kupita pote ni lile shimo lililoachwa na mizizi. Watoto hulipenda sana, nao hushuka humo kucheza wakati wazee wanakata matawi. Lakini mizizi ya upande mmoja bado imeshika ardhi, na ni uzito wa shina tu unaozuia ule ukuta wa udongo na mizizi usirudi mahali pake. Shina likikatwa, ukuta huo waweza kusimama tena kwa ghafula na kulifunika shimo pamoja na aliyemo. Basi watoto waondolewe kabisa, na awekwe mtu mzima wa kuwazuia. Wakati wa kukata, iachwe kwenye mizizi sehemu ya shina isiyopungua kimo cha ukuta huo, ili usije ukapinduka upande wa mkataji.

Kazi ianzie kwenye matawi membamba ya kileleni. Matawi yaliyolichukua shina kama nguzo yaachwe hadi mwisho. Vijana wenye mapanga huyavamia hayo kwanza kwa sababu yako karibu, na shina zima huwashukia miguuni.

Shina nalo hukatwa kwa kufuata jinsi lilivyokaa. Likishikiliwa ncha zote mbili huku katikati pakining'inia, sehemu ya juu imebanwa na ya chini imevutika. Ukikata kutoka juu tu, msumeno utakwama. Kata juu kiasi cha theluthi, kisha umalizie kutoka chini. Likishikiliwa upande mmoja tu, ugeuze: theluthi ya chini kwanza, halafu juu. Tawi lililopindwa kama upinde usilikate ukiwa upande wa mgongo wake, maana huko ndiko litakakoruka. Na kama mti umelalia paa la nyumba, wenyeji watoke, kazi aachiwe fundi wa msumeno wa mashine mwenye kamba na wasaidizi. Ujira wake si mdogo, lakini mabati na mbavu ni ghali zaidi.

Mkaratusi upasuliwe kuni ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka hukataa kabari. Magogo ya mbao yasikae juani, kwani ncha zake hupasuka upesi. Yapakwe rangi nchani na kuinuliwa juu ya vijiti kivulini. Ikiwa mti umevuka mpaka, jirani aitwe aone kabla ya gogo lolote kuhamishwa, na wasipoelewana waende kwa chifu. Mwenye kutaka kupeleka magogo sokoni kwa lori aulize kwanza kibali cha kuyasafirisha katika ofisi ya Shirika la Misitu la Kenya iliyo karibu naye, maana magari yenye magogo husimamishwa njiani na kukaguliwa.