Chanjo ya mdondo yalipa, kwa mwenye kufuata kalenda

Na Mwandishi Wetu

BEI ya kuku wa kienyeji ikianguka ghafla kijijini, na hakuna sikukuu iliyopita wala mvua iliyokata barabara, mchuuzi mzoefu haulizi maswali mengi. Anajua mdondo umeingia. Wenye kuku wanakimbilia kuuza kabla ya kuzika. Mchuuzi mgeni anafurahia bei ya kutupa, anajaza matenga, na akifika Shekilango au Kisutu jijini Dar es Salaam anashusha mizoga.

Hasara ya mchuuzi huyo inajulikana sokoni. Isiyozungumzwa ni ya mwenye duka la dawa za mifugo kule mkoani. Wiki ya kwanza ya mlipuko mauzo yake hupanda, maana kila mwenye kuku anataka dawa yoyote iliyopo. Baada ya mwezi duka linanyamaza. Wateja hawana tena kuku wa kununuliwa dawa ya minyoo, vitamini wala chakula.

Ndiyo maana wiki hii safu hii inatazama biashara ya chanjo ya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri na ambao kitaalamu ni Newcastle. Swali ni moja: je, mwenye duka, mtaalamu wa mifugo na mchanjaji wanaweza kupata faida ya kudumu katika kichupa ambacho kwa bei ni kidogo kuliko dawa nyingi zilizo kwenye rafu?

Ugonjwa usio na tiba

Mdondo uliripotiwa mwaka 1926 huko Java, ambayo leo ni sehemu ya Indonesia, na pia Newcastle upon Tyne nchini Uingereza, mji ulioupa ugonjwa jina. Unasababishwa na virusi. Kuku hukosa pumzi, huharisha kinyesi cha kijani, hulegea mabawa na miguu, na wengine hupinda shingo. Ukiingia katika kundi ambalo halikuchanjwa unaweza kuua karibu kuku wote.

Kwa kuwa ni virusi, antibiotiki haiuponyi. Hapa ndipo maduka mengi yanapojiumiza. Shangazi yangu alikuwa na kuku 22 kijijini. Walipoanza kupinda shingo alikwenda kwenye duka la mjini, akapewa unga wa antibiotiki wa kuweka kwenye maji. Siku ya tatu alirudi, akauziwa pakiti ya pili, ya rangi nyingine. Walibaki kuku watatu.

"Mwanangu, sikuudhika kwa kuku kufa," aliniambia. "Kuku hufa. Niliudhika kwamba yule kijana alijua, na akapokea hela yangu mara mbili."

Sina hakika kwamba yule kijana alijua. Inawezekana naye alikuwa anauza alichonacho. Lakini tulitazame jambo hili kibiashara. Duka lilipata faida ya pakiti mbili, likampoteza mteja aliyekuwa akinunua dawa ya minyoo kila msimu kwa miaka. Shangazi hajakanyaga tena hapo, na jirani zake wote wanayo habari.

Chanjo inayovumilia joto

Kwa miaka mingi chanjo za mdondo zilizokuwa sokoni, kama La Sota, zilitengenezwa kwa mabanda makubwa ya kuku wa kisasa. Zinahitaji baridi mfululizo kutoka kiwandani hadi bandani. Umeme ukikatika duka likakosa barafu, chanjo hufa bila kubadilika sura, na mnunuzi hana njia ya kujua.

Mabadiliko yaliletwa na chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Mbegu ya chanjo hiyo ilitolewa kwa nchi zinazoendelea ili zijitengenezee zenyewe. Kati ya mwaka 2002 na 2005 mradi uliogharamiwa na Australia uliisambaza vijijini katika Tanzania, Malawi na Msumbiji. Hapa nchini ilitengenezwa katika maabara ya Temeke, na leo Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huizalisha kwa jina la TEMEVAC.

Sifa yake kubwa ni kuvumilia joto. Ikiwa bado kavu ndani ya kichupa na imekingwa na mwanga, I-2 inaweza kukaa wiki 8 katika joto la nyuzi 28 ikiwa bado na nguvu. Kuku hupewa tone moja jichoni, awe kifaranga au jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4.

Wafanyabiashara wasielewe vibaya. Kuvumilia joto si kutojali joto. Nyuzi 28 ni kivuli chenye hewa, si dashibodi ya basi la Singida saa nane mchana. Dukani mahali pake ni friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Uvumilivu wa chanjo hii ni akiba ya safari ya kwenda kijijini, na mwenye duka asiitumie akiba hiyo kwenye rafu yake.

Hesabu ya kichupa

Tupige hesabu kwa bei za mfano, kila msomaji aweke za kwake. Tuseme kichupa cha dozi 100 duka linakinunua kwa sh. 5,000 na kukiuza kwa sh. 6,500. Faida ghafi ni sh. 1,500.

Mfugaji mwenye kuku 12 akinunua kichupa hicho peke yake, kila kuku anamgharimu zaidi ya sh. 540, na dozi 88 zinamwagwa. Hatarudi. Lakini kaya nane zenye kuku 12 kila moja zikikusanywa siku moja, kuku ni 96, na gharama ya kichupa kwa kila kuku inashuka hadi kama sh. 68.

Mchanjaji akitoza sh. 150 kwa kuku, atakusanya sh. 14,400. Akitoa bei ya kichupa anabaki na sh. 7,900 kwa kazi ya asubuhi moja. Duka limepata sh. 1,500 zake, na mwenye kuku 12 ametoa sh. 1,800 tu. Kila mmoja ana sababu ya kurudia baada ya miezi minne.

Sasa tutazame kijiji chenye kuku 3,000. Kinahitaji vichupa 30, na tukiweka upotevu tuseme 35. Kwa awamu tatu za mwaka ni vichupa 105, sawa na faida ghafi ya sh. 157,500 kutoka kijiji kimoja. Si utajiri. Lakini duka linalohudumia vijiji vinane kwa utaratibu huo lina mapato yanayojulikana kabla mwaka haujaanza, na kuku wote hao wanabaki hai wakihitaji dawa ya minyoo na ya utitiri.

Upande wa pili wa hesabu ni mkali. Kichupa kimoja kikiharibika kwa friji mbovu au kupitwa na tarehe, duka limepoteza sh. 5,000. Kuzirudisha lazima liuze vichupa vinne vizima. Anayeagiza vichupa 100 kwa sababu ya bei ya jumla, bila kujua ni nani atakayevitumia na lini, anacheza bahati nasibu.

Fundisho ni kwamba oda ya chanjo ifuate kalenda ya vijiji. Panga awamu tatu, kwa mfano Januari, Mei na Septemba. Wiki mbili kabla ya awamu, wachanjaji wapite nyumba kwa nyumba wahesabu kuku. Hesabu hiyo ndiyo oda yako. Mtaji unakaa kwenye mzigo wiki chache tu.

Ya bure na ya kulipia

Wapo watakaouliza: ya nini kujisumbua wakati Serikali inatoa? Ni kweli kwamba mwezi Juni 2025, mkoani Simiyu, ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo waliwekewa ruzuku, na chanjo ya kuku ikatangazwa kuwa bila malipo.

Mwenye duka asichukulie kampeni kuwa adui. Katika eneo ambalo chanjo ya bure inafika kwa wakati, asiagize ya kushindana nayo, maana itamwozea. Aulize mapema kwa ofisa mifugo wa wilaya ratiba ya kampeni, kisha aangalie mapengo. Kuku wa kienyeji huzaliana mwaka mzima. Vifaranga walioanguliwa baada ya wachanjaji kupita hawana kinga, na kuku aliyechanjwa mara moja hana kinga ya mwaka mzima. Pia mfugaji aliyeona kwa macho yake kwamba kuku waliochanjwa walipona ni mteja aliyekwisha kuelimishwa, na duka halikulipa senti kumwelimisha.

Kwa wataalamu na wachanjaji

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia nani anaruhusiwa kutoa huduma, na Baraza la Veterinari ndilo linalosajili. Mchanjaji wa kijijini afanye kazi chini ya mtaalamu anayetambuliwa. Hilo linamlinda siku kuku wa mtu watakapokufa na lawama kumwangukia.

Kazini yazingatiwe haya:

Usichanje kuku wagonjwa. Ugonjwa ukishaingia bandani, chanjo haiokoi waliokwisha kuambukizwa, na kijiji kitasema chanjo ndiyo iliyoua. Chanja angalau mwezi mmoja kabla ya majira yenye hatari, ambayo katika maeneo mengi ni kiangazi. Kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujengeka.

Usichanganye chanjo na maji ya bomba yenye klorini, kwa kuwa yanaiua. Tumia kiyeyusho cha mtengenezaji, au pale maelekezo yanaporuhusu, maji yaliyochemshwa na kupoa kabisa katika chombo kisicho cha chuma.

Shika chupa ya kudondoshea wima. Ukiilaza, tone hubadilika ukubwa na dozi 100 huishia kwenye kuku 70. Subiri tone lisambae jichoni ndipo umwachie kuku.

Chanjo iliyokwisha kuchanganywa haiwekwi kwa ajili ya wiki ijayo. Panga idadi ya kuku ili kichupa kiishe siku ile ile.

Mweleze mfugaji kwamba chanjo hii ni ya mdondo tu. Haizuii ndui wala gumboro. Asiyeelezwa hivyo, kuku wake wakipata ndui atadai hela yake, na kwa upande wake atakuwa na haki.

Kwa mwenye duka, kabla ya kulipia mzigo soma namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na hakikisha bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Weka kipimajoto ndani ya friji na daftari pembeni, uandike asubuhi na jioni. Usiweke chanjo kwenye mlango wa friji, na soda za wafanyakazi ziwe na friji yake. Kila mara mlango unapofunguliwa, baridi uliyoilipia inatoka.

Kwa mchuuzi wa kuku

Mchuuzi naye ana hisa katika jambo hili, maana mdondo husafiri na matenga yake. Anaponunua aulize kuku walichanjwa lini, na mwenye tarehe ya uhakika astahili bei nzuri kidogo kuliko asiyejua. Akute kibali cha kusafirisha kabla ya kupakia. Matenga yaoshwe kwa dawa kila yanaporudi. Kuku waliobaki bila kununuliwa wasirudishwe kijijini kuchanganywa na wengine. Watengwe kwa wiki mbili.

Na bei ikishuka ghafla, achelewe kufungua pochi. Kuku wa bei ya kutupa mara nyingi ametupwa kweli.

Kwa wanaofikiria kuweka fedha katika duka la dawa za mifugo, kipimo chepesi ni hiki. Ingia dukani na uombe dawa ya kuku waliopinda shingo. Muuzaji akikimbilia rafu ya antibiotiki, hilo duka linakula mbegu. Akikueleza kwamba waliougua hawana tiba, kisha akafungua daftari kukuambia mchanjaji anapita lini kwa jirani zako, hapo yupo mtu wa kufanya naye biashara.

Shangazi ameanza upya na majike wanne. Mchanjaji wa kijijini kwao hupita kila baada ya miezi minne, na tarehe ya awamu ijayo ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni.