Koti Hili Utakwenda Nalo Wapi?

Ndugu msomaji, ikiwa umezaliwa Dar es Salaam au Tanga, huenda ukaona kwamba koti ni vazi la harusini na la ofisini tu. Mkazi wa Ufipa hawezi kufikiri hivyo. Mji wa Sumbawanga umejengwa kwenye kimo cha mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya jirani hupanda hadi mita 2,400. Ifikapo Juni na Julai, upepo wa uwanda ule wa majani hauna msitu wa kuuzuia, na mwendesha bodaboda atokaye kata ya Mollo kabla ya mapambazuko kumpeleka abiria mjini huushika usukani kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kwa mtu huyo, kwa mkulima, kwa mlinzi wa usiku na kwa mtoto aendaye shule kwa miguu, koti ni chombo cha kazi kama lilivyo jembe.

Kwa sababu hiyo tumeona vema leo tuzungumzie namna makoti hayo yanavyouzwa, na hasa namna mnunuzi anavyopokewa dukani. Jambo hili huonekana dogo. Lakini familia nyingi za wafanyakazi hazinunui koti kila mwaka; likinunuliwa lisilofaa, aliyenunuliwa atatetemeka nalo misimu yote hadi fedha nyingine zipatikane.

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka jinsi mnunuzi alivyogeuka kuwa mwombaji. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya vijiji, na bidhaa za jumla zilipitia katika Kampuni za Biashara za Mikoa, zile tulizoziita RTC. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kumwondolea mwananchi ulanguzi. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilipungua, viwanda vikakosa vipuri, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 rafu zikawa tupu. Mahali ambapo shati moja linagombewa na watu ishirini, muuzaji hana haja ya kusema karibu. Neno lake lilikuwa "hakuna", nalo lilitamkwa bila kuinua uso. Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, mitumba ilianza kumiminika. Watu waliibeza kwa kuiita "kafa Ulaya", kisha wakaivaa. Tangu hapo nguo zimekuwa tele. Ile tabia ya kutoinua uso, hata hivyo, bado tunayo.

Katika duka moja la nguo, ambalo hatutalitaja, mwandishi huyu alimwona mama mmoja akiomba ajaribu jaketi juu ya sweta alilokuwa amevaa. Muuzaji, macho yake yakiwa kwenye simu, alimjibu: "Mama, ukivaa umenunua." Mama yule alilipa bila kulivaa, kwa kuwa gari la kurudi kwao lilikuwa tayari linapiga honi. Lilikuwa jaketi la kupendeza, la rangi ya damu ya mzee, lenye nembo ya kampuni ya Ulaya kifuani. Zipu yake haikupanda kupita kitovu.

Siku hiyohiyo, kwenye kibanda cha mitumba kisicho hata na mlango, mama mwingine alishika jaketi la plastiki linalong'aa. Kijana mwenye kibanda alimwamkia kwanza: "Shikamoo, mama." Baada ya marahaba akamwuliza: "Koti hili utakwenda nalo wapi?" Mama akaeleza kwamba huuza maandazi stendi alfajiri. "Basi si hili, mama. Hili ni la mvua. Baridi ya Julai italipita kama chandarua." Akalirudisha kwenye msumari, akainama, akachambua rundo, akatoa koti la sufu lililochakaa kidogo mikononi, la bei ndogo kuliko lile la kwanza. Nisieleweke kwamba ninamfanya kijana huyo malaika: bei aliyoanza nayo ilikuwa ya kutisha, na walivutana karibu nusu saa. Lakini mama aliondoka na kitu alichokihitaji.

Swali lile la kijana, ndugu msomaji, lina uzito kuliko linavyosikika. Ufipa ina misimu miwili yenye maadui wawili tofauti. Kuanzia Novemba hadi Aprili adui ni mvua. Katikati ya mwaka adui ni baridi kavu yenye upepo. Jaketi la mvua huzuia maji kwa utando mwembamba uliopakwa ndani ya kitambaa, nao peke yake hautunzi joto. Jaketi lililojazwa manyoya ya bata ni jepesi na lina joto la ajabu, ila likilowa manyoya hushikana mabonge na joto lote hutoweka. Sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Pamba hunywa maji na kukaa nayo, hivyo sweta la pamba lililolowa ni afadhali kulivua. Muuzaji ajuaye hayo na kuyanyamazia hana tofauti na muuza dawa anayempa mgonjwa chupa yoyote iliyo karibu na mkono.

Tena swali hilo lina nguvu ya kisheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji ambaye biashara yake ni hiyo, basi bidhaa sharti iwe inafaa kiasi cha kuridhisha kwa kazi hiyo. Kwa hiyo hata usipoulizwa, sema mwenyewe: nataka la kuendeshea pikipiki kwenye mvua. Umekwisha kumfunga. Lakini sheria hiyohiyo ina upande wa pili: ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipasa kuifichua. Zipu mbovu ni kasoro ya namna hiyo. Ndiyo maana muuzaji anayemzuia mteja kujaribu anatenda jambo zito kuliko utovu wa adabu.

Na lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na karatasi iliyobandikwa ukutani haifuti wajibu ambao sheria imemwekea muuzaji. Dai risiti. Bila risiti utakuwa unabishana tu.

Haki inatutaka tumsikilize na muuzaji. Yule wa kibandani hununua belo likiwa limefungwa, bila kuona kilichomo. Akilifungua na kukuta nusu ya makoti yana matundu, hakuna wa kumrudishia. Hasara ni yake, na kishawishi cha kuisukuma kwa mteja ni kikubwa. Wala hajui kama biashara yenyewe itadumu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru, nchi nyingine zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoshikilia ilisimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko mwaka 2018. Si mara ya kwanza kwa nguo za mbali kuamua mambo ya Ufipa. Katika karne ya 19 watu wa huku walifuma wenyewe nguo nzito za pamba, hadi vitambaa vya mashine kutoka ng'ambo vilipoushinda mkono wa mfumaji.

Basi utakapokwenda kununua, vaa sweta lako ili ulipime koti juu yake. Inua mikono yote miwili. Koti likipanda hadi tumboni, upepo utapita hapohapo. Pandisha na kushusha zipu mara tatu. Litazame kwapani kwa kulielekeza kwenye mwanga. Kisha ligeuze ndani nje, upitishe kiganja juu ya bitana na mishono, na ulinuse. Jaketi la mvua lililozeeka hunata mkononi, huwa na harufu kali, na utando wake hubanduka kama gamba. Zipu fundi cherehani ataibadilisha siku hiyohiyo. Utando uliokwisha kubanduka hakuna fundi, Sumbawanga wala kwingineko, awezaye kuurudisha.