Kisangani: Pense gani ya kukaza kose za waya?

Wakati SNEL inakata umeme mjini Kisangani, nyumba nyingi zinabaki na plake ya jua na batri. Hapo kose, kile kichuma cha mwisho wa waya, inaweza kuleta hatari. Kama imelegea, umeme unapita kwa shida, kose inapata joto, plastiki inayeyuka, na moto unaweza kushika nyumba.

Nyundo ama pense ya kawaida inaponda kose tu, haibani nyuzi zote. Inafaa pense ya kose yenyewe, na rangi njo inaongoza: kose nyekundu ni ya waya ya milimita za mraba 0,5 mpaka 1,5, buluu, 1,5 mpaka 2,5, njano, 4 mpaka 6. Kose inaingia kwenye tundu la pense lenye rangi ile ile. Pense bora ni ile isiyofunguka mpaka imekaza kabisa.

Waya nene ya batri, kama ya 25 ama 35, inaomba pense kubwa ya mikono mirefu ama presi ya mafuta.

Ukimaliza, vuta waya kwa nguvu. Ikichomoka, kata, weka kose mpya. Afadhali kupoteza kose moja kuliko nyumba.