Pampu ya Tipa: Gia Mbili Zinazoinua Mchanga

Je, wajua kwamba pampu ya tipa haitengenezi presha? Kazi yake ni kusukuma oili tu, kiasi kile kile kwa kila mzunguko wa shafti. Presha hutokea mbele ya safari, pale oili inapokutana na kitu kinachokataa kusogea, yaani jeki iliyobeba bodi na shehena yake. Bodi likiwa tupu, geji husoma kidogo. Likijaa mchanga mbichi, geji hupanda, ingawa pampu ni ile ile na mwendo ni ule ule. Jeki yenye kipenyo cha milimita 150 ikipata presha ya bar 150 husukuma kwa nguvu ya kuinua tani 27, na oili ya kufanya kazi hiyo hutoka kwenye kifaa ambacho fundi mmoja hukibeba bila kusaidiwa.

Ukiifungua utaona ina vitu vichache sana. Mna gia mbili zilizoumana, kila moja na shafti yake fupi, ndani ya nyumba ya chuma cha kusubu au ya alumini. Gia moja huzungushwa na PTO, yaani kifaa cha kuchukua nguvu ya injini, iliyofungwa kwenye giaboksi ya gari, nayo humzungusha mwenzake. Mtu akitazama mara ya kwanza hudhani oili hupita katikati, pale meno yanapoumana. La. Meno yanapoachana upande wa kunyonya huacha pengo, oili hujaa humo, kisha hubebwa kati ya jino na jino, ikiambaa na ukuta wa nyumba mpaka upande wa pili. Huko meno huumana tena, pengo hutoweka, na oili hulazimika kutoka kwa kukosa mahali pa kukaa. Pale katikati meno yaliyoumana huizuia isirudi ilikotoka.

Wazo hili ni kongwe kuliko injini. Johannes Kepler, mwanafalaki aliyegundua kwamba sayari hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu, alibuni pampu ya gia isiyo na valvu mwanzoni mwa karne ya 17 alipokuwa Prague. Alitaka kutoa maji migodini. Lakini maji hayalainishi chuma kama oili, na karakana za zama zile hazikuweza kuchonga meno kwa usahihi unaotakiwa.

Tukija kwenye tipa za leo, pampu nyingi za Marekani ni za ukoo mmoja, na ukoo huo unatoka Youngstown, jimbo la Ohio. Kampuni ya Commercial Shearing ya mji huo, ambayo baadaye iliitwa Commercial Intertech na mwaka 2000 ikanunuliwa na Parker Hannifin, ndiyo iliyojulikana kwa pampu za C101 na C102. Humo gia, valvu ya kupandisha na kushusha bodi, na valvu ya kuachia presha, vyote vimewekwa katika mwili mmoja. C102 huunganishwa kwa mipira miwili ya kupitisha oili, C101 kwa mitatu. Zilienea kiasi kwamba zikawa kipimo cha wengine. Leo Mmarekani mwenye tipa anaweza kununua pampu yenye umbo lile lile, matundu ya bolti yale yale na shafti ile ile, iliyotengenezwa China, kwa sehemu tu ya bei ya ile yenye jina kubwa. Zote mbili zitaingia kwenye gari lake bila kuchongwa chochote. Siku ya kwanza zote mbili zitainua bodi.

Tofauti ya bei iko wapi basi? Sehemu kubwa iko mahali ambapo jicho halifiki. Kati ya ncha ya jino na ukuta wa nyumba, na kati ya ubavu wa gia na sahani inayoufunika, kuna nafasi ya mikroni chache tu au makumi machache ya mikroni, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Kupitia nafasi hiyo oili ya presha hurudi nyuma kimyakimya. Na hapa kuna kanuni ambayo kila mnunuzi angefaa kuijua: kiasi kinachovuja hakiongezeki sambamba na nafasi, bali kwa mchemraba wake. Nafasi ikiwa mara mbili, mvujo ni mara nane. Kwa hiyo kosa la kuchonga lisiloonekana kwa macho, au msuguano wa miezi michache, hutosha kugeuza pampu nzima kuwa kichujio.

Mvujo huo hutegemea pia uzito wa oili. Oili ikipata joto huwa nyepesi, na nyepesi huvuja zaidi. Ndiyo sababu tipa lenye pampu iliyochoka huinua bodi vizuri asubuhi, kisha saa saba mchana, baada ya safari kadhaa, hukataa. Dereva huambiwa oili imeisha, huongeza, hakuna kinachobadilika. Nguvu ya injini inayopotea kwenye mvujo nayo hugeuka joto, joto huilainisha oili zaidi, na mvujo huongezeka. Tuseme pampu inasukuma sentimita za ujazo 60 kwa mzunguko, na shafti inazunguka mara 1,000 kwa dakika. Hizo ni lita 60 kwa dakika. Jeki ikihitaji lita 30, bodi litapanda kwa nusu dakika. Pampu ikipoteza theluthi moja ya oili yake, kazi hiyo hiyo itachukua sekunde 45, na theluthi hiyo imekwenda kuchemsha tangi.

Watengenezaji wazuri hupambana na mvujo kwa ujanja ninaoustahi sana. Sahani za pembeni hazifungwi moja kwa moja. Huachwa zielee kidogo, na oili ya presha ya pampu yenyewe huletwa nyuma yake ili izisukume zigusane na gia. Presha ikipanda, sahani hubana zaidi. Gia zikilika kidogo, sahani huzifuata. Pampu yenye nafasi isiyojirekebisha huvuja zaidi kadiri gia zinavyolika.

Jambo la pili ni majaribio. Pampu mpya inapopewa presha kwa mara ya kwanza, gia husukumwa kuelekea upande wa kunyonya na kuukwaruza ukuta wa nyumba mpaka zijitengenezee njia yake. Kiwanda makini hufanya kazi hiyo chenyewe juu ya benchi, hupandisha presha hatua kwa hatua, hupima lita zinazotoka, kisha husafisha chembe za chuma zilizozalishwa. Anayebana gharama anaweza kuruka hatua hii. Hapo kukwaruzana kutafanyika ndani ya gari lako, na chembe zitaingia kwenye oili yako.

Haya ndiyo yanayolipiwa. Bendera iliyo kwenye boksi ni habari nyingine. Marekani kwenyewe, Tume ya Shirikisho ya Biashara hairuhusu bidhaa kuandikwa bila masharti kuwa imetengenezwa Marekani isipokuwa yote, au karibu yote, imetoka huko, na kwa hiyo pampu nyingine zinazoaminiwa kuwa za nyumbani huandikwa tu kwamba zimeunganishwa huko kwa vipuri vya kutoka nje. Kampuni ya pampu ya Bosch Rexroth ni ya Ujerumani, lakini ina viwanda China na India. Ushuru wa ziada wa asilimia 25 ambao Marekani iliweka mwaka 2018 juu ya bidhaa nyingi za viwandani kutoka China ulipunguza pengo la bei bila kubadilisha hata mikroni moja ndani ya pampu. Wapo Wachina wanaotengeneza pampu nzuri na kuambatanisha karatasi ya vipimo, na wapo wanaouza chuma kilichochorwa umbo la pampu. Anayekataa vyote kwa jina la nchi anajinyima, na anayekubali vyote kwa sababu ya bei anajidanganya.

Kwa mnunuzi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Kirinyaga Road Nairobi au wa Kisekka Kampala, suala la nyumbani na ughaibuni halipo kwa namna hiyo, maana pampu zilizo rafuni zimeshuka bandarini. Kwake chaguo ni tatu: mpya yenye jina, mpya ya bei nafuu, na ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la Japani au Ulaya. Kuna pia ya nne ambayo si chaguo, nayo ni feki iliyotiwa kwenye boksi la jina kubwa. Tuitenganishe na ile ya bei nafuu. Pampu nafuu inayouzwa kwa jina lake inaweza kuwa biashara ya halali kabisa. Feki ni wizi.

Ukiwa dukani, uliza ujazo wa pampu kwa mzunguko mmoja, presha yake ya kazi ya mfululizo, na presha ya juu kabisa inayovumilia kwa muda mfupi. Hizi mbili za mwisho wauzaji wengine huzichanganya makusudi, wakiandika ile ya juu kana kwamba ndiyo ya kila siku. Hakikisha upande inaozungukia, maana pampu iliyozungushwa kinyume inaweza kuing'oa sili ya shafti. Zungusha shafti kwa mkono: inapaswa kuwa nzito kidogo na laini, bila kukwama wala kukwaruza. Toa vifuniko vya matundu uchungulie kwa tochi. Ukiona vumbi la chuma au mchanga wa kusubia, rudisha.

Lakini niseme wazi kwamba pampu nyingi huuawa, hazifi zenyewe. Mwuaji wa kwanza wa pampu ya mipira miwili ni PTO iliyosahaulika. Dereva anamwaga mchanga, anashusha bodi, anaondoka bila kuitoa PTO, na pampu inazunguka kwa mwendo wa barabara kuu huku oili ile ile kidogo ikizunguka humo ndani mpaka inaungua. Hata pampu bora ya Ohio haiwezi kustahimili hilo, na taa ya kumkumbusha dereva au king'ora kidogo ni rahisi mno kuliko pampu yoyote. Mwingine ni uchafu: tangi lisilo na kifuniko kizuri, oili iliyomiminwa kutoka kwenye dumu lililokuwa na kitu kingine. Mpira wa kunyonya ukiwa mwembamba au umejikunja, pampu hukosa oili, vipovu hutokea na kupasukia juu ya chuma, na sauti huwa ya changarawe ndani ya kopo. Kisha kuna yule anayekaza valvu ya kuachia presha ili gari lililozidishiwa mzigo liinue. Litainua, na beringi zitalipa.

Pampu ikifa vibaya haifi peke yake. Vipande vyake husambaa kwenye valvu, kwenye jeki na kwenye tangi. Mwenye gari anayefunga pampu mpya bila kumwaga oili yote, kuosha tangi na kubadilisha filta, anaipa ile mpya sumu iliyomuua mwenzake, halafu hulaumu duka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tipa linalokwenda machimboni kila siku, ambalo likilala siku moja dereva, tingo na mwenye mali wote hukosa, lifungiwe pampu ya bei ya juu yenye karatasi ya majaribio, hata kama bei hiyo ingenunua mbili nafuu. Gharama ya pampu ya pili ni pamoja na oili, fundi, na siku zilizopotea. Mashine ya shambani inayofanya kazi mara moja moja, kwa mfano trela la kubeba mahindi wakati wa mavuno, inaweza kuishi miaka na pampu nafuu iliyokaguliwa vizuri. Ya mtumba inunuliwe tu pale muuzaji anapokubali ipimwe kwa geji oili ikiwa ya moto, si baridi.

Na yoyote utakayoichagua, ijaze oili safi kwa mkono kabla ya kuifunga, kisha iwashe injini taratibu na uinue bodi tupu mara kadhaa kabla ya kupakia. Pampu inayoanza kazi ikiwa kavu huharibika ndani ya dakika chache, na dhamana ya duka haitakusaidia.