Mgonjwa wa Figo, Tunza Mshipa Wako

Mgonjwa wa figo kutoka Wamagana anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji mshipa imara wa kudungwa sindano kila wiki. Daktari wa upasuaji huunganisha mishipa miwili ya mkono wake, na baada ya wiki kadhaa mmoja hupanuka. Mshipa huo wa asili hudumu kwa muda mrefu na hauambukizwi kwa urahisi kama mrija wa plastiki.

Nchini Marekani, wataalamu hukuza mishipa katika maabara kwa seli za binadamu, kisha huziosha seli hizo ili mwili usiukatae mshipa. Mshipa kama huo uliidhinishwa huko Desemba 2024 kwa majeruhi wa mikono na miguu, pale mshipa wa mgonjwa mwenyewe haufai. Hupatikana ukiwa tayari, lakini waweza kuziba au kupasuka.

Kwa hivyo, mshipa wa asili bado ndio wa kwanza. Mkono wenye mshipa huo usipimwe presha, usitolewe damu ya vipimo wala kubeba mizigo mizito. Uguse kila siku. Mtetemo ukikosekana, nenda hospitalini siku iyo hiyo.