Mtalii Ni Msomaji wa Dunia: Kuhusu Viza na Mzigo wa Nia

Neno 'viza' ni mojawapo ya vitawe ambavyo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuvitumia darasani bila kumchosha mwanafunzi. Likiwa kitenzi, kuviza ni kuzuia kitu kisikue au kisitimie. Yai viza nalo ni lile lililoharibika, ambalo kuku hulilalia bure asitotoe kifaranga. Kisha kuna viza ya pasipoti, neno ambalo asili yake ni Kilatini na ambalo lilihusu karatasi iliyokwisha kuonwa, yaani kukaguliwa. Kiisimu, maneno haya hayana udugu. Kufanana kwao ni sadfa tupu. Hata hivyo, mwalimu aliyewahi kungojea kibali cha kwenda kutalii ng'ambo kwa majuma sita, kisha akarudishiwa pasipoti yake ikiandamana na karatasi ya kumkatalia, hatakosa kuiona kejeli iliyomo katika sadfa hiyo.

Ni kawaida yetu kulizungumzia suala hili kwa upande wa fedha. Na kwa hakika fedha si haba. Mnamo Juni 2023 Marekani ilipandisha ada ya maombi ya viza ya matembezi kutoka dola 160 hadi dola 185. Juni 2024 nchi za eneo la Schengen zikapandisha yao kutoka yuro 80 hadi yuro 90 kwa mtu mzima, na juu ya hayo mwombaji hutakiwa awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Anayekataliwa harudishiwi ada yake. Kwa mwalimu wa kawaida huo ni mzigo mzito. Lakini mimi si mwanauchumi. Kazi yangu ni lugha, nami naamini kwamba uzito mkubwa zaidi umo katika lugha ya fomu yenyewe.

Hebu tutazame mfano wa Marekani. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka wa 1952 inasema, kwa ufupi, kwamba mwombaji huchukuliwa kuwa ni mtu anayekusudia kuhamia huko mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa wa ubalozi kwamba sivyo. Linganisha kauli hiyo na Ibara ya 50 ya Katiba yetu ya 2010, ambayo inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi mashtaka dhidi yake yathibitishwe. Mshukiwa wa wizi wa ng'ombe anaposimama kizimbani, mzigo wa kuthibitisha uko begani mwa anayemshtaki. Mwalimu anayetaka kwenda kutazama Maporomoko ya Niagara ndiye anayeubeba mzigo wake mwenyewe.

Na mzigo huo ni wa namna gani? Anatakiwa athibitishe sentensi moja fupi: 'Nitarudi.' Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua kwamba kiambishi -ta- huashiria wakati ujao. Jambo lililopita huweza kuthibitishwa kwa stakabadhi, na jambo lililopo kwa macho. Lijalo halina shahidi. Kwa sababu hiyo afisa hulazimika kuutafuta wakati ujao katika nyaraka za wakati uliopita: taarifa za benki, hati ya mshahara, hatimiliki ya shamba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hapo ndipo swali linapogeuka bila kutangazwa. Mwombaji anadhani anaulizwa nia yake, kumbe kinachosomwa ni mali yake. Kijana aliyehitimu chuo juzi, asiye na shamba wala mke wala akiba, hawezi kuithibitisha nia yake hata ikiwa safi kama maji ya mtungi.

Sisemi kwamba mataifa hayana haki ya kujua anayeingia. Kila mwenye nyumba ana mlango, na wapo wageni waliopewa siku chache wakakaa miaka. Hata wahenga wetu, kwa ukarimu wao wote, walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Afisa wa dirishani naye ana dakika chache tu za kumwamulia mtu asiyemjua. Ninachopinga ni dhana iliyojificha nyuma ya maswali, kwamba wapo watu duniani wanaoweza kusafiri kwa sababu ya kutaka kuona tu, na wapo wengine ambao kwao sababu hiyo haitoshi.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Miaka kadhaa iliyopita niliomba kibali cha kutalii katika nchi moja ya Ulaya. Afisa aliitazama barua ya mwajiri wangu, akaniuliza ninahudhuria mkutano gani. Nikamjibu kwamba hakuna mkutano. Akauliza ni chuo kipi kilichonialika. Nikamwambia sikualikwa na chuo. Nilikuwa na likizo na akiba yangu, na nilitaka kuona majumba ya makumbusho na miji ya kale niliyoisoma vitabuni. Aliandika kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe lilivyostahili. Baada ya majuma matatu nilipata fomu iliyotiwa alama penye kisanduku cha shaka kuhusu nia yangu ya kuondoka nchini mwao. Nilikuwa nimekwisha kusafiri mara nne kuhudhuria makongamano, na mara zote nilirejea kufundisha. Mwafrika mwenye mwaliko aliaminika. Mwafrika mwenye udadisi tu hakuaminika.

Yafaa tukumbuke maana ya neno letu wenyewe. Kitenzi 'kutalii' kimetokana na Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kuchunguza na kusoma jambo kwa makini. Kwa hiyo mtalii si mtu wa kutapanya fedha tu. Ni msomaji, na kitabu chake ni dunia. Kumnyima mtu nafasi ya kutalii kwa sababu hana shughuli nyingine ya kumpeleka huko ni kumwambia kwamba hana ruhusa ya kusoma ila kitabu alichoagizwa.

Nasi Wakenya tujikague. Januari 2024 serikali yetu iliondoa viza, lakini mahali pake ikaweka idhini ya usafiri ya kielektroniki yenye ada ya takriban dola 30. Matokeo yakawa kwamba baadhi ya Waafrika waliokuwa wakiingia nchini bila malipo wakaanza kutozwa. Ni mwaka wa 2025 tu ndipo raia wa nchi nyingi za Afrika walipoondolewa sharti hilo. Umoja wa Afrika uliupitisha mkataba wa uhuru wa kusafiri barani mjini Addis Ababa mnamo Januari 2018, na nchi zilizouridhinisha zimekuwa za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Haifai kulaumu mlango wa jirani ilhali wetu umetiwa komeo.

Je, mwalimu afanye nini? Silabasi yetu ina insha za kiuamilifu: barua rasmi, wasifukazi, hojaji na kadhalika. Aghalabu tunawapa wanafunzi barua ya kuomba kazi ya ukarani, kana kwamba hiyo ndiyo fomu pekee watakayokutana nayo maishani. Kwa nini tusiwape pia fomu ya viza? Wataona jinsi matini moja inavyoweza kuuliza jambo na kukusudia jingine. Fomu ya Marekani, mathalani, humuuliza mwombaji ikiwa anakusudia kufanya ugaidi. Wanafunzi hucheka wanapolisikia swali hilo, wakidhani aliyelitunga ni mjinga. La hasha. Swali halitafuti habari, linatafuta kiapo. Ajibuye 'la' kisha akapatikana vinginevyo atakuwa amesema uongo mbele ya sheria, na huo uongo wenyewe unatosha kumtia hatiani.

Somo la pili ni la ukweli. Mijini wamejaa mawakala wanaowauzia vijana barua za kazi zisizo na mwajiri na taarifa za benki zilizovimba kwa siku moja. Mwanafunzi afahamu kwamba Uingereza humzuia aliyetumia udanganyifu kwa miaka 10, na kwamba huko Marekani uongo juu ya jambo la msingi unaweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote. Barua fupi ya maelezo, ambayo tarehe zake zinaafikiana na za likizo na ambayo gharama zake zinalingana na mshahara, ina nguvu kuliko bahasha ya vyeti vya kubuni.

Somo la tatu ni la kusoma jibu. Sheria za Schengen humtaka afisa aeleze sababu za kukataa, tena humpa mwombaji haki ya kukata rufani. Wengi wetu huikunja karatasi hiyo kwa aibu na kuificha kabatini, kana kwamba tumepatikana na kosa. Kukataliwa viza si kosa wala si fedheha. Ni hukumu aliyoitoa mtu mmoja, kwa dakika chache, juu ya sentensi yenye kiambishi -ta-. Kijana aliyefundishwa vyema ataisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari, atajibu hoja kwa hoja, na akitaka kuomba tena ataandika bila kuona haya kwamba anakwenda kuona.