Neno Lipo, Utafutaji Haulioni: Lucene na Maandishi ya Meru na Embu

Lucene ni maktaba ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, kazi iliyoanzwa na Doug Cutting mwaka 1999 na kuingia katika wakfu wa Apache mwaka 2001, na ingawa watumiaji wengi hawajawahi kulisikia jina lake, ndiyo iliyo chini ya Solr na Elasticsearch, mifumo inayobeba utafutaji katika tovuti nyingi na katika hazina za vyuo vikuu zinazoendeshwa kwa DSpace. Msomaji anayetafuta habari za Mto Thuci, unaopita mpakani mwa Embu na Tharaka-Nithi, akaletewa ukurasa mtupu ilhali ana hakika kwamba tasnifu imo, huilaumu programu. Mara nyingi programu imetenda kama ilivyoagizwa, na kasoro iko katika namna maneno yalivyokatwa na kuhifadhiwa.

Lucene haisomi hati upya kila inapoulizwa, bali hutunza faharasa inayoonyesha kila neno limo katika hati zipi, kama ile iliyo mwishoni mwa kitabu. Kabla ya neno kuingia humo hupitia kichanganuzi, yaani sehemu ya programu inayotenganisha maneno, kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na kuondoa alama zisizohitajika. Kisha ulinganishaji hufanywa herufi kwa herufi. Kwa hiyo, ikiwa hati zilipitia kichanganuzi lakini ulizo halikupitia, kama inavyotokea mtayarishaji anapotumia TermQuery moja kwa moja, "Embu" yenye herufi kubwa haitaonekana kamwe, kwa kuwa iliyohifadhiwa ni "embu". (Ugeuzaji huohuo huchanganya jina la mji na "embu" ya mazungumzo, ile inayosimama mahali pa "hebu", na hapo hakuna kichanganuzi cha kawaida kinachoweza kuamua.)

Tatizo zito zaidi katika maandishi ya Meru na Embu ni la irabu. Kimeru na Kiembu zina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Hata hivyo wapo wanaoziandika bila alama yoyote, na wapo waandishi wa Kimeru wanaoweka kofia, î na û, hivyo neno moja huingia katika faharasa kwa sura tatu zisizojuana. Jambo linalowasumbua hata mafundi ni kwamba ĩ yenyewe ina njia mbili za kuhifadhiwa katika mfumo wa Unicode: msimbo mmoja, U+0129, au misimbo miwili, yaani i ya kawaida ikifuatwa na U+0303, ambayo ni alama peke yake. Kwa macho hazitofautiani, lakini kwa Lucene ni maneno mawili. Kichujio kiitwacho ASCIIFoldingFilter, ambacho wengi hukikimbilia, huigeuza ĩ ya msimbo mmoja kuwa i lakini huiacha ile ya misimbo miwili kama ilivyo; ICUFoldingFilter hushughulikia zote. Hata hivyo, kufuta alama kabisa ni kupoteza tofauti halisi ya sauti, na njia ya busara zaidi ni kuhifadhi maandishi katika sehemu mbili, moja yenye alama na nyingine isiyo nazo, kisha kuipa ile ya kwanza uzito mkubwa zaidi katika kupanga matokeo.

Vichujio hivyo havitasaidia pale tahajia yenyewe inapotofautiana. Thuci huandikwa pia Thuchi, na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, huandikwa pia Njuri Nceke. Hapo huhitajika orodha ya visawe, au FuzzyQuery, inayovumilia tofauti ya herufi moja au mbili. Kichanganuzi cha Kiingereza nacho hakifai: hukata miisho ya maneno, wakati Kiswahili, Kimeru na Kiembu hubadilisha mianzo, kama katika mti na miti, au mũtĩ na mĩtĩ, na Lucene haina kichanganuzi maalumu cha lugha hizi.

Kabla ya kubadilisha chochote, inafaa faharasa ifunguliwe kwa Luke, chombo kinachoandamana na Lucene tangu toleo la 8.1, ili maneno yaonekane yalivyohifadhiwa.

Hitilafu nyingine ni za uendeshaji. Hati mpya haionekani mpaka kisomaji cha faharasa kifunguliwe upya, kwa kuwa kisomaji huona hali ya wakati kilipofunguliwa tu. Umeme ukikatika kabla ya mabadiliko kuthibitishwa, faharasa hurudi kwenye uthibitisho wa mwisho na hati zilizofuata hazimo. Ujumbe kuhusu faili la write.lock kwa kawaida humaanisha kwamba programu nyingine, au sehemu nyingine ya programu ileile, bado imeifungua faharasa ili kuiandika, na kulifuta faili hilo kwa mkono ni kualika uharibifu. Faharasa ikiharibika, CheckIndex huonyesha vipande vibovu, na ikiamriwa kuviondoa huondoa pia hati zilizomo ndani yake.

Kila kichanganuzi cha hati kinapobadilishwa, hati zote hulazimika kuingizwa upya. Vivyo hivyo kwa faharasa iliyoundwa na toleo la 7, ambayo kwa kawaida toleo la 9 hukataa kuifungua, kwa kuwa toleo hilo limeandaliwa kusoma faharasa zake na za toleo kuu lililolitangulia.